Miili Mia Tatu Ndani ya Diski

Mama yangu hashonei watu walionyooka. "Walionyooka waende dukani," husema, "nguo zao zimetundikwa huko zinawasubiri." Yeye huwashonea wale ambao nguo za dukani huwatukana: mpagazi ambaye bega moja limeshuka kwa mizigo, dada aliyekatwa titi, mzee ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kwa vidole vitatu, mpishi ambaye tumbo lake limeamua kwenda kushoto peke yake. Mtaani humwita Mama Futi, kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Wengine humwita Mkaidi, ila huhakikisha kwanza kwamba hayupo karibu.

Mimi ni kitinda mimba wake, na kazi yangu ni kutengeneza kompyuta katika ofisi moja kubwa ambako watu humwagia kibodi chai halafu wanasema imejizima yenyewe. Nina hasira za karibu na ulimi mrefu. Vyote viwili nimerithi, na aliyenirithisha hataki kukiri. Nataka kulieleza lile jambo la diski kabla kaka yangu hajalieleza kwa namna yake, maana katika masimulizi yake yeye huwa mwema na mimi huwa mpumbavu. Ukweli ni kwamba tulikosea wote wawili, na mimi zaidi.

Chumba cha kazi cha Mama kiko chini ya jengo la ghorofa tatu, katikati ya mchonga funguo na duka la madaftari. Ukiingia, kulia kuna cherehani mbili, moja ya miguu na moja ya umeme. Kushoto kuna meza ya kukatia, ambayo zamani ilikuwa mlango. Kitasa kiling'olewa lakini tundu lake lipo, na humo ndimo mkasi mkubwa hukaa umesimama. Kuna kioo kirefu, pazia la kijani linaloficha kona ya kupimia, pasi, na makopo: kopo la pini, kopo la vifungo vyeupe, kopo la vifungo vya rangi, kopo la zipu. Na pembeni, juu ya kimeza chake, kompyuta.

Kompyuta alijifunza akiwa na miaka arobaini na nne, kwa hasira. Bomba la ghorofa ya juu lilipasuka Jumapili moja, maji yakashuka ukutani siku nzima na kuilowesha michoro yake yote ya karatasi, ile anayoilaza juu ya kitambaa na kukata kwa kuifuata. Miaka ya kazi ikawa uji. Mama hakulia. Alijiandikisha katika darasa la jioni, akakaa dawati la mbele na watu wa umri wa wanawe, akajifunza programu ya kuchora nguo, kisha akarudi chumbani kuanza upya. Aliapa kwamba hatapoteza tena mwili wa mtu. Hivyo ndivyo anavyouita mchoro, mwili.

Na kuutengeneza mwili si mchezo. Mteja mpya humjia mara sita. Mara ya kwanza hupimwa. Mara ya pili huvalishwa nguo ya marekani, kile kitambaa cha bei ya chini, na Mama humzunguka akiwa na pini mdomoni, anabana hapa, anaachia pale. Akiondoka, Mama huingiza kila badiliko kwenye mchoro, halafu hushona marekani nyingine. Ni hivyo mpaka mara ya sita, nguo inapoanguka mwilini bila kuuliza swali. Baada ya hapo mteja hahitaji kupimwa tena maisha yake yote. Hupiga simu tu na kusema anataka rangi gani.

Faili zake hazina majina ya watu. Zinaitwa Bega Limeshuka, Vidole Vitatu, Tumbo Lililohama. "Mwili wa mtu ni siri yake," aliniambia siku nilipocheka. "Hata mwizi akibeba kompyuta, asijue amemwona nani." Katika miaka kumi na saba alikusanya miili mia tatu na kumi na miwili, yote ndani ya diski moja. Nakala hakuweka popote. Mimi, mwanawe, fundi wa kompyuta, sikumwekea. Mganga hajigangi, na inaonekana hamgangi hata mamaye.

Jumanne moja kompyuta hiyo ilitoa moshi mwembamba, ikanuka, ikazimika. Niliipima kwa simu tu, kwa maelezo ya Mama, na nikajua bodi imeungua. Kaka alipopata habari alifurahi, tena hakuficha furaha yake.

"Huo ndio mwisho mzuri," aliniambia. "Mama ana miaka sitini na moja. Magoti yanamuuma, macho yanamchoka, na bado anapiga magoti chini kwenye mapindo ya watu. Apumzike sasa."

Kaka si mtu mbaya. Anakaa mbali, anampigia Mama kila Jumamosi, na anamwonea huruma kwa namna ya watu wanaokaa mbali. Mpango wake ulikuwa huu: niunge kompyuta mpya, nzuri, ya kisasa, tumpe Mama kama zawadi, iwekwe sebuleni kwake awe anazungumza na wajukuu na kutazama vipindi. Chumba cha kazi kirudishwe kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Na mwenye nyumba alikuwa ameshazungumza. Na Mama, bado.

"Na ile diski ya zamani?" nikauliza.

"Mwambie haiingii kwenye mpya. Si ni ya kizamani? Hutakuwa umesema uongo."

Nikasema sawa. Ningeweza kusema mengi hapo, mimi mwenye ulimi mrefu. Lakini nilikuwa nimemwona Mama wiki moja kabla, akishika ukingo wa meza kwa mikono miwili ili ainuke, na ile picha ilinikaa. Basi tukakubaliana kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Kaka hakulijua, nami nililijua nikajifanya sijui. Mwalimu mmoja, mteja wa Mama wa miaka mingi, alikuwa amepewa ukuu wa shule, na angeanza Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mwalimu ana uti wa mgongo uliopinda mara mbili. Bega la kulia liko juu, nyonga ya kushoto imejitokeza, na koti la kawaida likimkaa mgongoni hufanya hema. Koti la watu wengine Mama hulikata vipande vinane; la Mwalimu hulikata kumi na vinne. Kitambaa cha suti kilikuwa tayari mezani, rangi ya majivu. Ila tangu mwaka uliopita Mwalimu hawezi kusimama zaidi ya dakika kumi, kwa hiyo zile safari sita za kupimwa zisingewezekana tena. Mwili wake ulikuwa ndani ya diski, na kama diski imekwisha, basi siku yake ya kwanza angesimama mbele ya shule nzima akiwa ndani ya hema.

Nilifika chumbani Jumamosi asubuhi na boksi langu. Kompyuta ile nilikuwa nimeiunga mwenyewe kwa jioni mbili: bodi mpya, feni tatu, kasha jeusi lenye kioo ubavuni. Nilijivunia. Mama aliizunguka kama anavyomzunguka mteja, akagonga kioo kwa ukucha.

"Kwa nini mtu aone matumbo ya mashine?"

"Ndio mtindo, Mama."

"Mimi kazi yangu ni kufunika," akasema. "Haya, ahsante mwanangu, ni nzuri. Sasa weka diski yangu ndani."

Alikuwa ameshaitoa. Kwa bisibisi ya cherehani alikuwa amelifungua lile kasha lililokufa, akaichomoa diski, akaifuta vumbi, akaifunga katika kipande cha bitana na kuilaza ndani ya kopo la pini. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Haiingii, Mama," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikiwa ya Kaka. "Hii ni ya zamani. Ilitumia ile kebo pana. Mashine za siku hizi hazina tundu lake."

Mama hakuwa ananitazama. Alikuwa anatazama mkoba wangu, ambao nilikuwa nimeuacha wazi. Hajasomea mashine, lakini watoto wake amewasomea. Akaingiza mkono, akatoa kidubwasha chenye tundu pana upande mmoja na waya mwembamba upande wa pili.

"Na hii ni ya nini?"

Ilikuwa adapta ya diski za zamani. Ilikuwa imelala mkobani tangu kazi nyingine, au labda niliiweka pale kwa makusudi bila kujiambia. Sijui hata leo.

"Hiyo... inaweza kusaidia," nikasema.

"Umekuja na dawa mfukoni unaniambia ugonjwa hauna dawa. Unganisha."

Nikaunganisha. Diski ikaanza kuvuma ule mvumo wake wa siku zote, na Mama akatikisa kichwa kumkubali mtu wake. Kisha skrini ikaandika kwamba diski haijulikani, na kwamba ili itumike lazima iandaliwe upya. Chini yake palikuwa na vitufe viwili, Ndiyo na Hapana.

"Kuandaliwa ndiyo nini?"

"Ni kuianzisha upya. Vilivyomo vinafutwa."

"Yaani inaniomba ruhusa niwafute watu wangu." Akashika kipanya mwenyewe. Hapana.

Nikazima, nikachomoa, nikachomeka tena. Swali lilelile. Hapana. Nikabadilisha waya. Swali likarudi mara ya tatu, na Mama akalibonyeza kwa nguvu iliyoifanya meza iteme chaki. Hapo ndipo nilipotazama ndani ya kopo la pini nikaona, chini kabisa, ile sumaku ya mviringo anayoiweka ili pini zisitawanyike.

"Mama! Umeilaza diski juu ya sumaku!"

"Kuna ubaya?"

"Sumaku inafuta diski, Mama. Imekwisha. Siku nne juu ya sumaku!"

Hili naliandika kwa aibu. Sumaku ndogo ya kushika pini haina ubavu wa kuifuta diski iliyofungwa kwenye chuma chake; nilisoma hivyo chuoni, nikafanyiwa hata mtihani. Lakini nilitaka diski iwe imekufa. Ilinifaa ife, iniondolee kazi ya kumwambia Mama mengine. Nilipata maiti, nikatafuta sababu, nikaisoma kwa sauti.

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kwa muda mfupi nilimwona mzee kweli, nikatamani kumeza maneno yangu. Simu ikalia. Alikuwa Kaka, Jumamosi yake. Nikaweka sauti wazi, nikamweleza kifupi.

"Pole, Mama," Kaka akasema, kwa ule upole wake wa simuni. "Basi bonyeza Ndiyo, tuanze ukurasa mpya."

"Hapana."

"Mama, imeshafutika. Unang'ang'ania nini?"

"Hapana ni hapana. Hata mtoto wa miaka miwili anaielewa."

"Lakini Mama, hata ikifunguka utaitumia wapi? Chumba chenyewe kinarudi kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, Mama alikuwa ameinuka, bila kushika meza.

"Kinarudi?" akasema. "Kimetoka kwa nani?"

Kaka akaanza kueleza: magoti, macho, wajukuu, tunakupenda. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, hilo namsifu, kisha akasema, "Nimekusikia. Kwaheri, baba," na kukata simu. Akanigeukia.

"Wewe ulijua."

"Nilijua, Mama."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema polepole. "Na mimi nguo zenyewe nimezishona kwa mkono wangu." Alikasirika vibaya sana, na aliumia, na vyote viwili vilionekana. "Miaka yote hii nawashonea watu walioambiwa hawashoneki. Wanaingia humu wameinama, wanatoka wanajitazama kwenye vioo vya magari. Leo wanangu wananiambia nimechakaa kama mfuko. Nani aliwaambia nimechoka?"

"Magoti yako, Mama..."

"Magoti yangu yanauma. Kuuma si kuchoka. Ningechoka ningesema, mdomo ninao." Akafuta uso kwa ncha ya futi. "Huyo mwenye nyumba, mliomwambia ni nyinyi. Mtakaomwambia kwamba siendi popote ni nyinyi vilevile. Mimi sina nafasi, nina suti. Kaa hapo. Tuanze mwanzo."

Nikakaa. Mama akavuta kiti, akafanya kile anachofanya nguo inapokataa mwili.

"Jumatatu ilikuwa inafanya kazi?"

"Ndiyo."

"Kati ya Jumatatu na leo, ni mkono gani umeigusa?"

"Wako tu."

"Basi usiiulize mashine. Niulize mimi."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nikamwomba aeleze hatua kwa hatua, na nikaanza, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kufanya kazi yangu. Akaeleza kwamba alifungua skrubu nne. Akachomoa waya wa umeme, akachomoa ile kebo pana. Akaifuta kwa kitambaa kikavu. Akatoa pini. Akaikunja ndani ya bitana.

"Ukatoa nini?"

"Pini. Kule nyuma, ilikuwa imechomekwa peke yake."

"Pini gani, Mama?"

"Kipini cheupe, kidogo hivi. We mtoto umekulia humu ndani, umewahi kuniona nikikunja kitu kikiwa na pini?"

Hajawahi. Ndiyo sheria ya kwanza ya chumba kile: kabla ya kukunja, toa pini zote, la sivyo kesho itamchoma mtu. Niliichomoa diski nikaigeuza. Nyuma yake, kati ya tundu la kebo na tundu la umeme, palikuwa na vijiti vidogo vya shaba vimesimama uchi. Miaka kumi sijagusa diski ya aina ile, lakini hiyo si sababu ya kutoona. Sikuona kwa kuwa sikutazama.

"Mama, ile si pini. Ni kifuniko. Kinaiambia diski kwamba yenyewe ndiyo kiongozi. Bila hicho inajiona ni msaidizi, haijitambulishi, inakaa kimya ikimsubiri mkubwa azungumze kwanza."

"Aha," Mama akasema. "Basi mmefanana."

Neno likanifika. Lilinistahili.

"Umekiweka wapi?"

Kwenye pini hakikukaa, alisema, kwa kuwa sumaku haikukishika. Kwa hiyo alikitupia kwenye kopo la jirani. Vifungo vyeupe. Kopo hilo lina ukubwa wa ndoo ya rangi, na ndani yake kuna vifungo vya mashati ya miaka kumi na saba. Tulivimwaga mezani. Mimi nilitafuta kwa macho, kimoja kimoja, nikaona kizunguzungu. Mama alivua miwani, akafumba macho, akapitisha viganja juu ya ule mchanga wa vifungo. Vifungo ni mviringo. Alitafuta chenye pembe, na kabla sijamaliza robo ya upande wangu akaniwekea kiganjani kitu cheupe kidogo kuliko punje ya mchele. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kukirudisha nako kulitaka akili, maana vijiti vilikuwa jozi nne. Mama akavaa miwani, akaisoma karatasi iliyobandikwa mgongoni mwa diski, ambako palikuwa na mchoro mdogo wa kuonyesha kipi kikae wapi. Michoro ni nchi yake. Akaweka ukucha juu ya jozi ya mwisho, nami nikakichomeka pale kwa kibano chake cha kuvutia uzi.

Nikawasha. Skrini haikuuliza swali lolote. Ilifungua tu, na majina yakaanza kushuka: Bega Limeshuka, Kifua Ndani, Mguu wa Mbao, Tumbo Lililohama, Vidole Vitatu. Nilishuka nayo hadi chini nikasoma idadi. Wote mia tatu na kumi na wawili walikuwepo. Nililia, naam, na Mama akaniambia nisilowanishe kitambaa cha Mwalimu.

Nilimwomba ruhusa ya kuwanakili wote kwenye diski mpya. Alikubali, na akataka nakala nyingine ikae kwangu nyumbani. Lakini nilipoichomoa ile ya zamani niifunge bitana, akanizuia mkono.

"Nilisema ndani."

"Mama, haina haja tena. Vyote viko kwenye mpya."

"Mpya imefanya kazi saa moja. Hii miaka kumi na saba. Mzee hatolewi kwenye kiti kwa sababu kijana ameingia chumbani. Mpeni na yeye nafasi."

Kwa hiyo niliifunga ndani, kwa skrubu zake nne za zamani, na adapta nikaikunja nyuma ya kioo. Ule mtindo wangu wote ukaharibika: feni tatu zinazong'aa, na katikati yake lile bati la kijivu lenye karatasi iliyokwanguka. Mama alisema sasa matumbo yanafaa kutazamwa. Ile programu yake ya kuchora ilikataa kufunguka mara mbili, nikaibembeleza, mara ya tatu ikakubali. Printa ikatoa kurasa arobaini na moja. Tulizipanga chini tukaziunga kwa gundi ya karatasi, mimi na yeye, magotini.

Jumamosi hiyo hiyo Mama alikata vile vipande kumi na vinne. Mimi nilipewa kupiga bandi, zile hatua ndefu za kushikiza kwa muda, na kila nilipomaliza mshono alifumua nusu yake bila kusema neno. Jioni nilimpigia Kaka. Nilimwambia ampigie mwenye nyumba, afute maneno yake.

"Sitafuta," akasema. "Ukaidi wa Mama unaujua. Mimi ndiye mkubwa, naangalia mbele. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Na mimi, pamoja na ulimi wangu, nilinyamaza tena. Ningeweza kumpigia mwenye nyumba mwenyewe. Jumapili ikapita sijampigia. Nilijiambia nitapiga kesho, baada ya kazi ya Mwalimu.

Jumatatu niliomba ruhusa ofisini. Mwalimu alikuja saa kumi, akapanda kwenye kigoda mbele ya kioo, mkono mmoja kwenye mgongo wa kiti. Ni mwanamke mrefu, au angekuwa mrefu. Alitazama saa ya ukutani, akasema, "Dakika kumi, Mama Futi, zikizidi nitaanguka na suti yako." Mama akamvalisha koti, akavuta kidogo begani, akapiga magoti kwenye pindo la sketi, akajaza pini mdomoni.

Nimeiona kazi ya Mama maisha yangu yote, kwa hiyo nilikuwa nimeacha kuiona. Siku ile niliitazama. Koti lilishuka mgongoni kwa Mwalimu moja kwa moja. Halikuficha chochote. Bega la kulia lilikuwa juu bado, nyonga bado ilikuwa pale, lakini nguo ilizijua zote mbili, ikazipitia kwa adabu. Mwalimu alijitazama. Kidevu chake kikapanda chenyewe.

"Nitawasimamisha mstarini wale watoto," akasema kwa sauti ndogo, "na hakuna atakayecheka."

Mlango ukagongwa. "Hodi!" Mwenye nyumba akaingia kabla hajakaribishwa, na nyuma yake bwana mmoja mnene aliyeshika tepu ya chuma. Yule bwana alikwenda moja kwa moja ukutani, akaanza kupima mahali pa kuweka rafu. Aliisogeza meza ya kukatia kwa paja.

Mwalimu alishika vizuri ule mgongo wa kiti. Mama, chini, hakuweza kusema, maana mdomo ulikuwa umejaa pini, na mkono mmoja ulishika pindo ambalo akiliachia litapotea. Aliinua macho tu, akanitazama. Hakuniomba. Alisubiri kuona.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, binti. Tusiwasumbue, tunapima tu mara moja. Mgeni wangu anaingia mwezi ujao."

"Haingii. Chumba hiki kina mtu."

Mwenye nyumba akacheka kidogo, kwa huruma. "Kaka yako hakukwambia? Tumeshamaliza. Alisema mama amestaafu."

"Nilijua, na nilikosea kunyamaza, tusamehe kwa usumbufu. Mama yangu hajastaafu. Yuko kazini, unamwona. Na wewe, bwana, irudishe hiyo meza ulipoikuta."

Bwana mnene akairudisha. Mwenye nyumba hakuwa amezoea kusemeshwa hivyo na mimi. Nilimwona akitafuta pa kushika.

"Binti, mimi nilikubaliana na kaka yako. Katika nyumba kuna mkubwa, na neno la mkubwa ndilo nililolishika."

"Hukukosea, mzee," nikasema. "Shika neno la mkubwa. Ila mkubwa wetu ni huyu hapa aliyepiga magoti, na neno lake hujalisikia bado, kwa sababu ana kazi."

Mwenye nyumba alitazama chini, akamwona Mama pale sakafuni, na pini zake saba mdomoni na macho yake yaliyomkazia bila kupepesa. Akavua kofia. Akasema atapita siku nyingine kumsalimia vizuri, akamshika mgeni wake kiwiko, wakatoka.

Mwalimu alitazama saa. "Bado dakika nne," akasema, na Mama akaendelea na pindo.